Mchungaji wa Makaburu aliyehamia Alexandra

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 22 Septemba, 1963, waumini wa usharika wa Aasvoëlkop, kaskazini-magharibi ya jiji la Johannesburg, walikwenda kanisani wakiwa na jambo moja moyoni: kusikia mchungaji wao ameamua nini. Usharika huo haukuwa wa watu wanyonge. Walioketi kwenye viti vile walikuwa Makaburu wenye elimu na vyeo, na baadhi yao walikuwa wanachama wa chama cha siri ambacho ndani yake mambo ya serikali ya nchi ile yalipikwa kabla ya kupakuliwa Bungeni. Mchungaji naye alikuwa mwenzao. Alikuwa na umri wa miaka 48, alikuwa na mke na watoto wanne, nyumba ya kanisa na mshahara wa uhakika, na mwaka ule ule alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa Sinodi ya Transvaal ya Kusini.

Jina lake lilikuwa Christiaan Frederick Beyers Naudé. Siku ile alihubiri kutoka sura ya tano ya Matendo ya Mitume, pale Petro na wenzake waliposimamishwa mbele ya baraza la wakuu wa dini yao wenyewe, nao wakalijibu baraza kwamba utii wao kwa Mungu unatangulia utii wao kwa wanadamu. Baada ya kuyaeleza hayo kwa utulivu, akawaarifu waumini wake kwamba anaacha kuwa mchungaji wao.

Ndugu msomaji, sisi tuliozoea kusoma magazeti ya Kiswahili katika miaka ya sabini na themanini tulilijua neno "kaburu" kwa maana moja tu. Kaburu alikuwa ni bunduki, mbwa, na hati ya kutembelea. Tuliwaona vijana waliomkimbia kaburu huyo walipopokelewa nchini mwetu, na wengi wanakumbuka shule ya Solomon Mahlangu iliyojengwa Mazimbu, Morogoro, katika ardhi ambayo Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC mwaka 1977. Ni mara chache tulijiuliza kama kaburu naye huamka siku ya Jumapili, akamvalisha mtoto viatu, akaenda kusali. Naam, alikwenda, tena kwa bidii kubwa kuliko wengi wetu. Swali ambalo makala haya yanalichunguza ni hili: mtu aliyekabidhiwa kuwachunga watu kama hao, watu wa damu yake na lugha yake, awaambie nini wakati nchi inawaka moto kwa sababu ya rangi?

KANISA LA KABILA

Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo, ambalo Makaburu wenyewe huliita kwa ufupi NGK, lilifika Rasi ya Tumaini Jema pamoja na walowezi wa Kidachi katika karne ya 17. Halikuanza kwa kubagua katika maandishi. Sinodi ya mwaka 1829 iliamua kwamba Meza ya Bwana ni moja, na kwamba waumini wote waishiriki pamoja bila kutazamwa rangi zao. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, lakini wazungu wa vijijini hawakuupenda. Mwaka 1857 Sinodi nyingine ilikaa, ikakiri kwamba kwa mujibu wa Maandiko ni vyema watu wote wawe pamoja, kisha ikaruhusu watenganishwe. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni "udhaifu wa baadhi ya watu", maana yake wazungu waliokataa kukaa pamoja na weusi.

Nimelifikiria sana neno hilo "udhaifu". Walioandika walijua kwamba wanalotenda si haki, nao waliliita kwa jina lake. Walidhani wanauhurumia ugonjwa kwa muda mfupi hadi mgonjwa apone. Lakini mgonjwa, badala ya kupona, alipewa nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1881 Machotara walijengewa kanisa lao la pekee. Baadaye Waafrika wakapata lao na Wahindi lao. Kanisa la wazungu likaitwa kanisa mama, na hayo mengine yakaitwa mabinti, nao mabinti hawakualikwa mezani kwa mama yao. Miaka 100 baada ya 1857, udhaifu wa watu wachache ulikuwa umekwisha kuwa sheria ya nchi nzima. Daniel Malan, aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuanzisha siasa ya apartheid, yeye mwenyewe alikuwa mchungaji wa zamani wa kanisa hilo.

Hata hivyo itakuwa si haki kusema kwamba Makaburu walikwenda kanisani ili wakafundishwe chuki. Walikwenda kwa sababu pale ndipo walipofarijiwa. Katika vita vyao na Waingereza, tangu 1899 hadi 1902, mashamba yao yalichomwa moto, na wanawake na watoto wakatiwa makambini. Zaidi ya watu 26,000, wengi wao watoto, walikufa humo kwa maradhi na njaa. (Waafrika nao walitiwa katika makambi yao, wakafa kwa maelfu, lakini hao hawakujengewa mnara.) Baada ya vita Kaburu alikuwa maskini, lugha yake ilidharauliwa, na serikali haikuwa yake. Mchungaji ndiye aliyemzika mtoto wake, aliyemtafutia kazi mjini, na aliyemfundisha kuona fahari katika lugha yake. Kanisa likawa mama, na likawa jeshi pia.

Baba yake Beyers Naudé alikuwa ni mchungaji wa namna hiyo. Jozua Naudé aliwahudumia wapiganaji vitani, na mwaka 1902, wakati wajumbe wa Makaburu walipopiga kura ya kukubali amani, yeye alikuwa miongoni mwa sita waliokataa katakata. Mwanawe alizaliwa tarehe 10 Mei, 1915, huko Roodepoort, naye akampa jina la jenerali aliyekuwa amemtumikia vitani. Mwaka 1918 mzee huyo alikuwa mmoja wa waasisi wa Broederbond, yaani Umoja wa Ndugu, chama cha siri cha wanaume wa Kikaburu, wenye kuapishwa na kuchaguliwa mmoja mmoja. Mtoto alilelewa katika nyumba ambayo sala, lugha na taifa vilikuwa ni kitu kimoja. Alipofika umri wa miaka 25 naye akala kiapo cha chama cha baba yake.

MCHUNGAJI NA MASHAKA YAKE

Alisomea uchungaji katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na akamwoa Ilse Weder mwaka 1940. Bibi Ilse alitoka katika familia ya wamisionari wa Kimoravian wa Genadendal, ambao ni ndugu wa kiroho wa Wamoravian wetu wa Mbeya na Tabora. Huko Genadendal wazungu wachache waliishi miongoni mwa Machotara kwa namna ambayo kijana wa Kikaburu hakuizoea. Wengine wamesema kwamba mbegu ilipandwa huko. Ikiwa ilipandwa, ilichelewa sana kuota.

Naye aliianza kazi kama mchungaji yeyote mzuri wa kabila lake. Alihudumu Wellington, akapelekwa Loxton katika nyika kavu za Karoo, kisha Pretoria, na Potchefstroom. Kazi ya mchungaji wa kanisa lile haikuishia mimbarani. Alizunguka na wazee wa kanisa nyumba kwa nyumba, akiuliza habari za ndoa, za watoto, za ulevi na za madeni. Kabla ya Meza ya Bwana alipaswa kujua nani amegombana na nani. Mchungaji wa namna hiyo huzijua siri zote za watu wake, nao humpenda kwa sababu anazitunza. Nani basi atapenda kuwaudhi watu waliomfungulia milango namna hiyo?

Mwaka 1953 alisafiri Ulaya na Amerika Kaskazini kutazama kazi za vijana wa kanisa, na huko akakutana na maswali kuhusu nchi yake ambayo hakuweza kuyajibu. Aliporudi akaanza kujisomea Maandiko upya, akitafuta kama ni kweli yanaamuru mataifa yatengwe. Walimu wachache wa kanisa lile walikuwa wamekwisha kusema hapana. Mmoja wao alikuwa Profesa B. B. Keet, aliyemfundisha Stellenbosch, na mwingine Profesa Ben Marais wa Pretoria. Lakini kitu kilichomtikisa zaidi hakikuwa kitabu. Wachungaji vijana wa kizungu, waliokuwa wakihudumu katika makanisa mabinti, walimweleza hali waliyoiona huko, na alipoona shida kuyaamini maneno yao walimwomba afuatane nao akajionee. Akaenda. Aliona mabweni ya wanaume waliotenganishwa na wake zao kwa sheria, akaona familia zilizohamishwa kwa nguvu, akaona pasi na mahakama zake. Yote hayo yalikuwa umbali wa safari fupi ya gari kutoka mimbari yake, naye kwa miaka yote hiyo hakuwa ameyatazama.

Hapa napenda niseme wazi jambo ambalo wanaomsifu huliruka. Mtu huyu alikaa ndani ya Broederbond kwa zaidi ya miaka 20. Alikwisha kuwa na mashaka kwa muda mrefu na hakuyasema hadharani, kwa sababu alijua gharama yake. Wakati yeye akiyapima mashaka yake chumbani, Waafrika walikuwa wakikamatwa kila usiku kwa kukosa karatasi mfukoni. Namheshimu, lakini ucheleweshaji ule nao ni sehemu ya habari yake, na nadhani unawafaa zaidi wasomaji kuliko sifa, maana wengi wetu tumo katika ile miaka ya kunyamaza.

SHARPEVILLE NA COTTESLOE

Tarehe 21 Machi, 1960, polisi walifyatua risasi katika umati wa watu waliokusanyika Sharpeville kuzipinga pasi. Watu 69 walikufa, wengi wao wakiwa wamepigwa mgongoni. Hali ya hatari ikatangazwa. Tarehe 8 Aprili vyama vya ANC na PAC vilipigwa marufuku, na siku iliyofuata mzungu mmoja mkulima alimpiga risasi Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd, ambaye alipona. Hofu iliingia katika kila nyumba ya kizungu. Mtu mwenye hofu hupenda aambiwe kwamba yeye hana kosa, na Jumapili ile mimbari nyingi ziliwaambia hivyo.

Mwezi Desemba wa mwaka huo, Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliitisha mkutano wa makanisa wanachama wake wa Afrika Kusini katika bweni moja la chuo kikuu huko Cottesloe, Johannesburg. Wajumbe wapatao 80, weusi kwa weupe, waliishi pamoja, wakala pamoja na kusali pamoja kwa juma zima. Jambo hilo kwa nchi ile lilikuwa ni kioja. Naudé alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kanisa lake. Pale aliketi na Waafrika wasomi kama Profesa Z. K. Matthews, si kama watumishi wala kama watu wa kuhubiriwa.

Tamko lililotoka Cottesloe, likisomwa leo, linaonekana la upole mno. Lilisema kwamba hakuna muumini anayepaswa kufungiwa mlango wa kanisa lolote kwa sababu ya rangi yake. Lilisema hakuna hoja katika Maandiko ya kukataza ndoa za watu wa rangi mbalimbali. Lilisema ule mtindo wa kuwachukua wanaume kazini na kuwaacha wake na watoto nyuma unaivunja familia. Tena lilisema kwamba mtu ana haki ya kumiliki ardhi mahali anapoishi. Wajumbe wa NGK wa Rasi na wa Transvaal waliunga mkono.

Verwoerd alikasirika. Alitangaza kwamba yale yalikuwa ni maoni ya watu binafsi, na kwamba makanisa yenyewe, kupitia Sinodi zake, bado hayajasema. Kila mtu akafahamu kwamba Sinodi zinaelekezwa la kusema. Broederbond nayo ikatuma barua kwa wanachama wake. Mwaka 1961 Sinodi zikakaa, moja baada ya nyingine, zikalikataa tamko la wajumbe wao wenyewe, na makanisa yale yakajitoa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wajumbe wengi wakarudi nyuma. Naudé alisimama mbele ya Sinodi ya Transvaal, akasema kwamba aliyoyakubali Cottesloe aliyakubali mbele ya Mungu na hawezi kuyakana.

Hawakumfukuza. Waliendelea kumpenda, na miaka miwili baadaye wakamchagua mwenyekiti wao. Hilo huwashangaza watu wa nje, lakini mwenyeji wa ukoo wowote anafahamu. Kijana mwenye akili, mwana wa mzee fulani, huvumiliwa kwa imani kwamba atatulia. Hukumu huja pale anapotoa mambo nje ya nyumba.

Naye aliyatoa. Mwaka 1962 alianzisha gazeti lililoitwa *Pro Veritate*, yaani Kwa Ajili ya Ukweli, ambalo liliandika kinyume cha apartheid kutoka ndani ya imani ile ile ya Makaburu. Kisha akafanya jambo ambalo halikusameheka. Alimpa Profesa Albert Geyser, mtaalamu wa Maandiko wa kanisa jingine la Kikaburu, nyaraka za siri za Broederbond ili azisome na kumshauri, na mwaka 1963 nyaraka hizo zikafika katika gazeti la *Sunday Times*. Polisi walizitafuta. Naudé mwishowe alikiri mwenyewe kwamba zilitoka mikononi mwake. Alikuwa amekivunja kiapo cha chama alichokiasisi baba yake.

Mwaka huo huo wa 1963 ilianzishwa Taasisi ya Kikristo, chombo cha Wakristo wa rangi zote na madhehebu mbalimbali, na Naudé akaombwa kukiongoza. Kanisa lake likamjibu kwamba akichukua kazi hiyo hatabaki na hadhi yake ya uchungaji. Hapo ndipo tulipoanzia. Alikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ni kukataa kazi ile, abaki mchungaji mpendwa mwenye mawazo yake, asubiri. Mkewe alisimama naye. Mwezi Novemba alihubiri kwa mara ya mwisho Aasvoëlkop, na familia ikahama nyumba ya kanisa.

MIAKA YA KUTENGWA

Kutengwa katika kabila dogo ni kitu kizito kuliko jela. Makaburu walikuwa na neno lao kwa mtu kama yeye, nalo ni msaliti wa taifa. Marafiki wa miaka mingi walivuka barabara walipomwona. Simu zilipigwa usiku kwa vitisho na matusi. Lakini Naudé na mkewe hawakuhama kanisa lao mara moja. Waliendelea kwa miaka mingi kuwa waumini wa kawaida katika usharika mwingine wa NGK jijini, wakiketi kwenye viti vya nyuma ya wale waliowakwepa. Nimewahi kuulizwa na rafiki kwa nini walijitesa namna ile. Jibu langu ni kwamba mtu haachi kuwa mchungaji wa watu wake kwa sababu wamemvua cheo.

Taasisi ya Kikristo ilifanya kazi kwa miaka 14. Ilisaidia mamia ya makanisa madogo ya Waafrika yaliyojitegemea, ambayo wachungaji wake hawakuwa wamepata elimu ya theolojia na wakubwa waliyadharau. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyowasogelea vijana wa kizazi cha Steve Biko, na ndivyo serikali ilivyoikazia. Mwaka 1974 Naudé alinyang'anywa pasipoti. Mwaka 1975 Taasisi ilizuiwa kupokea fedha kutoka nchi za nje. Alipokataa kutoa ushahidi mbele ya tume ya serikali alihukumiwa faini, naye akachagua jela, akalala ndani usiku mmoja tu kwa sababu mtu mwingine aliilipa faini hiyo. Mwezi mmoja baada ya Biko kufa mikononi mwa polisi, yaani tarehe 19 Oktoba, 1977, serikali ilifunga magazeti na kupiga marufuku vyama vingi kwa siku moja. Taasisi ya Kikristo ilikuwamo. Naudé mwenyewe akawekewa amri ya marufuku iliyodumu karibu miaka saba.

Amri ya marufuku ilikuwa ni kifungo kisicho na kuta. Aliyewekewa hakuruhusiwa kutoka nje ya wilaya yake, wala kuhubiri, wala maneno yake kuchapishwa. Hakuruhusiwa kukaa na mtu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mhubiri aliyezoea kusema na mamia akawa anasema na mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, huku wengine wakisubiri zamu zao katika vyumba vingine. Polisi walidhani wamemnyamazisha, lakini kwa kweli walimrudisha katika ile kazi ya kwanza ya mchungaji, ya kumsikiliza mtu mmoja na shida yake. Vijana waliotaka kutoroka nchi walipita pale. Baadaye ilijulikana kwamba mzee yule alikuwa akitafuta magari ya mtumba, akayafanyia matengenezo, yakatumika kuwasafirisha.

ALEXANDRA

Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 65, Naudé alilihama kanisa la wazungu, akajiunga na kanisa binti la Waafrika, katika usharika wa Alexandra. Ni vyema tusimame kidogo hapa, kwa maana upande huu wa habari husimuliwa kwa haraka kana kwamba Alexandra ilikuwa ni mahali pa kumfariji mzungu.

Alexandra ni mtaa wa Waafrika wenye eneo kama la maili moja ya mraba, uliobanwa karibu na makazi ya matajiri ya Sandton. Serikali ya makaburu ilikuwa imepanga kuifuta kabisa kama mahali pa familia. Nyumba zingevunjwa, na badala yake yangejengwa mabweni makubwa, ya wanaume peke yao na ya wanawake peke yao, wafanyakazi wasio na mke, mume wala mtoto. Baadhi ya mabweni hayo yalijengwa kweli na familia nyingi zikahamishwa. Waliopinga mpango huo waliongozwa na mchungaji wa kanisa binti, Sam Buti, na mwaka 1979 serikali ikalegea, Alexandra ikaachiwa kuwa mtaa wa watu wenye familia. Basi lile jambo la wanaume na wake zao, ambalo wasomi wa Cottesloe waliliandika kwa lugha ya adabu mwaka 1960, watu wa Alexandra walilipigania kwa kuwa lilikuwa ni paa la nyumba zao.

Wachungaji wa makanisa mabinti nao walikuwa na mtihani wao, ambao kwa maoni yangu ulikuwa mgumu kuliko wa Naudé. Fedha za makanisa hayo zilitoka kwa sehemu kubwa katika kanisa mama. Mchungaji Mwafrika aliyehubiri juu ya pasi alijua kwamba mshahara wake unapitia mikononi mwa watu waliozipenda pasi. Akinyamaza, vijana wa usharika wake walimwita kibaraka. Akisema, huenda mwezi ule watoto wake wasile. Kwa upande wa Machotara kulikuwa na Allan Boesak, ambaye mwezi Agosti 1982 alichaguliwa rais wa Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Ulimwenguni katika mkutano wa Ottawa, Kanada, uliotangaza kwamba kuitetea apartheid kwa Injili ni uzushi. Wiki chache baadaye kanisa lake la Machotara, lililokutana Belhar karibu na Cape Town, liliandika ungamo la imani juu ya umoja, upatanisho na haki, na mwaka 1986 likaliidhinisha rasmi. Kanisa lililoundwa kwa ajili ya udhaifu wa wengine likawa ndilo linalowafundisha katekisimu.

Kwa hiyo Naudé alipofika Alexandra hakuja kuongoza. Alikuja kuwa mmoja wao, mzee wa makamo aliyezungumza Kiafrikaans, lugha ambayo miaka minne tu kabla yake watoto wa Soweto walikufa wakikataa kufundishwa kwayo. Nao walimpokea. Sijui kama Aasvoëlkop ingeweza kumpokea mtu wa Alexandra kwa urahisi huo.

Amri ya marufuku iliondolewa mwaka 1984. Mwaka uliofuata alichukua nafasi ya Askofu Desmond Tutu kama katibu mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, katika miaka ile mibaya ya hali ya hatari. Mwezi Mei 1990, wakati ujumbe wa ANC chini ya Nelson Mandela ulipokutana kwa mara ya kwanza na serikali ya F. W. de Klerk huko Groote Schuur, mwana wa Jozua Naudé alikuwa miongoni mwa wajumbe, ameketi upande wa ANC.

Kanisa mama lilichelewa. Mwaka 1986 liliamua kwamba milango yake iwe wazi kwa watu wa rangi zote, na mwaka uliofuata baadhi ya waumini wakajitenga kwa hasira, wakaunda kanisa lao la wazungu watupu. Kanisa la Machotara na lile la Waafrika yaliungana tarehe 14 Aprili, 1994, majuma mawili kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa watu wote. Mwaka huo huo Sinodi kuu ya NGK ilimpokea Naudé kwa heshima. Mazungumzo ya kuliunganisha kanisa mama na hilo kanisa lililoungana yamekwenda na kusimama kwa miaka mingi, na ungamo la Belhar ndilo limekuwa mfupa kooni. Watu walio tayari kuketi pamoja katika daladala na kiwandani bado hushindwa kukubaliana juu ya karatasi moja.

Beyers Naudé alifariki dunia tarehe 7 Septemba, 2004, akiwa na umri wa miaka 89. Alifanyiwa mazishi ya heshima ya taifa, Rais Thabo Mbeki akahudhuria, na majivu yake yakamwagwa Alexandra. Miaka mitatu kabla ya hapo, wakuu wa jiji la Johannesburg walikuwa wamebadilisha jina la barabara kubwa iendayo kaskazini-magharibi, inayopita karibu na kilima cha Aasvoëlkop. Barabara hiyo ilikuwa ikiitwa kwa jina la Daniel Malan, yule mchungaji aliyeanzisha apartheid. Sasa inaitwa Beyers Naudé, na watu wa rangi zote huipita asubuhi wakienda kazini.